Kupima metali nzito kwenye lambo, kisima na ziwa la ukanda mkavu: mwongozo kamili kwa watu wa Igunga na Nzega

Mwaka juzi sisi kamati ya maji ya kijiji tulichota chupa tatu kwenye lambo letu, sehemu moja, saa moja, tukazipeleka maabara. Majibu yakarudi: chupa mbili safi, moja ina madini ya risasi mara nne ya kiwango kinachoruhusiwa. Kijiji kikagawanyika siku hiyo hiyo, kuna waliosema wachimbaji wametuua, kuna waliosema maabara haijui kazi, na akina mama wakaendelea kuchota kama kawaida maana hapakuwa na pengine pa kuchota. Baadaye ndo tukaja kugundua tatizo halikuwa lambo wala maabara, ni chupa. Tulitumia chupa tupu za kunywea tulizookota, na ile moja ilikuwa imekaa kwenye gereji ya pikipiki. Kwa hiyo haya ninayoandika tumeyalipia kwa hela ya wananchi na miezi mitano ya malumbano, na sitaki kijiji kingine kipitie huko.

Kabla ya chupa, uelewe maji yetu yanaenda wapi

Watu wengi wanadhani mito yote inaishia baharini. Sehemu kubwa ya Igunga na Nzega haiko hivyo. Manonga na Wembere zinaelekea ziwa Kitangiri, Kitangiri likijaa linamwaga kwa mto Sibiti, Sibiti unaingia Eyasi, na Eyasi ndo mwisho wa safari, hakuna mlango wa kutokea. Ndo maana serikali inaita eneo hili Bonde la Kati na bodi yake ya maji iko Singida, wakati maji ya upande wa Igombe na Malagarasi yanateremka Kigoma mpaka ziwa Tanganyika.

Sasa chukua ndoo ya lita 20 yenye maji yenye uchafu kidogo tu, iache juani mpaka zibaki lita 5. Maji yamepaa, uchafu haujapaa, kwa hiyo kila lita sasa ina uchafu mara nne. Ziwa lisilo na mlango ni ndoo hiyo hiyo, tofauti ni kwamba linajazwa kila mwaka na kukauka kila mwaka kwa maelfu ya miaka. Turkana kule Kenya, ziwa kubwa la kudumu la jangwani kuliko yote duniani, liko hivyo, maji yake mengi yanaletwa na mto Omo kutoka Ethiopia na hayatoki isipokuwa kwa jua, ndo maana yana chumvi na floraidi nyingi. Aral kule Asia ya Kati mito yake ilipoanza kuchepushwa kwenda mashamba ya pamba miaka ya 1960, ziwa likarudi nyuma na kuacha tope kavu lenye chumvi na madawa, upepo ukalibeba tope lile mpaka majumbani kwa watu. Na Marekani, bwawa la Kesterson pale California lilikuwa linapokea maji ya mashamba yenye seleniamu, mwaka 1983 wakaanza kuona vifaranga wa ndege wanazaliwa hawana macho, wengine miguu imepinda. Hakuna kiwanda kilichomwaga sumu pale, seleniamu ilitoka kwenye udongo wenyewe, maji yakaisomba na jua likaikusanya.

Kingine ambacho kitakusaidia sana baadaye: maziwa ya ukanda mkavu mara nyingi yana magadi, yaani pH (kipimo cha ukali wa maji, chini ya 7 ni asidi, juu ya 7 ni magadi) iko juu ya 8, mengine yanapita 9. Kwenye maji ya namna hiyo risasi na shaba hupenda kuzama na kushika tope, unaweza kupima maji ukakuta safi kabisa wakati sumu imelala chini. Lakini arseniki, seleniamu na yurani zinafanya kinyume, magadi yanazisaidia kubaki ndani ya maji. Ukikariri hilo tu tayari unajua kwa nini kupima maji peke yake hakutoshi.

Hatua ya 1: zunguka kwanza, usikimbilie maabara

Maabara haipimi "sumu", inapima kitu ulichokitaja, na kila metali ina bei yake. Kwa hiyo tembea bonde lote la lambo lako, kuanzia maji yanapoanzia mpaka yanapoishia, na uongee na watu. Wasalimie wazee vizuri, mwangaluka yako, salamu yetu ya Kisukuma, isiwe ya haraka, maana wao ndo wanajua palikuwa na nini miaka 40 iliyopita.

Cha kwanza uliza dhahabu. Palipo na krasha (mashine ya kusaga mawe), mialo ya kuoshea dhahabu na lundo la marudio (mchanga uliobaki baada ya kuosha), orodha yako ianze na zebaki, wanayotumia kunasia dhahabu, halafu risasi na arseniki, kwa sababu mwamba wenye dhahabu mara nyingi una arseniki ndani yake hata kama hakuna aliyeileta. Uliza pia wanachomea wapi, maana zebaki ikichomwa wazi inapaa kama mvuke na kushuka jirani, kwenye paa, kwenye vumbi la uwanja, kwenye lambo. Ongea na wachimbaji kwa heshima, hao ni kaka zetu na wao ndo wanaovuta mvuke ule kabla ya mtu mwingine yeyote, ukienda kama polisi hautaambiwa kitu.

Cha pili ni majosho ya zamani. Hili watu hawalijui, enzi za ukoloni sehemu nyingi za Afrika ng'ombe waliogeshwa kwa dawa yenye arseniki, na arseniki haiozi. Kama kisima chenu kimechimbwa karibu na josho bovu la zamani, iweke kwenye orodha.

Halafu angalia betri za magari zinapovunjwa, gereji, dampo. Na floraidi ongeza hata kama si metali, upande wetu na Shinyanga na Singida ni tatizo la asili la mwamba, ukiona watoto wengi meno yana madoa ya kahawia tayari una dalili.

Hatua ya 2: chupa

Hapa nitakaa sana. Tunatafuta kitu kidogo mno, kiwango cha WHO, Shirika la Afya Duniani, cha risasi ni miligramu 0.01 kwa lita, na cha arseniki ni hicho hicho 0.01. Kidole chenye jasho, kipande cha kutu, moshi wa sigara, vyote vinaweza kuharibu majibu.

Geuza chupa uangalie kitako, kuna pembetatu yenye namba. Chupa za maji ya kunywa ni namba 1, plastiki hiyo hutengenezwa kwa kutumia antimoni, nayo ni aina ya metali, na kidogo huwa inachuja kuingia kwenye maji, achana nazo. Unataka namba 2, ile plastiki nyeupe ngumu, mpya, yenye kifuniko cha plastiki kisichokuwa na karatasi ya bati ndani. Kwa zebaki plastiki hiyo haifai kwa sababu mvuke wake unapenya, inatakiwa chupa ya kioo na kifuniko maalum, waombe maabara wakupe.

Njia bora kabisa, na ndo tunayofanya sasa, ni kuomba maabara ikupe chupa zilizooshwa tayari kwa asidi ya naitriki. Ukilazimika kuosha mwenyewe, mwalimu wa kemia wa sekondari akusimamie: sabuni, maji mengi, zilale usiku kucha kwenye asidi ya asilimia 10, halafu suuza mara tatu au nne kwa maji safi ya maabara. Usisuuzie maji ya betri ya dukani. Nimeshaona yanajazwa kwenye madumu yale yale yaliyobeba asidi iliyotoka kwenye betri, na betri ni risasi tupu.

Vitu vingine vya kubeba: glavu zisizo na poda (poda nyingine ina zinki), deli lenye barafu, maskin tepu na marka peni, daftari, simu yenye GPS, karatasi za pH, mifuko ya zipu, na kijiko cha plastiki cha kuchotea tope. Kimita kidogo cha TDS pia beba kama unacho, ila uelewe kazi yake. Kinaonyesha jumla ya chumvi, basi. Maji yanaweza kusoma 150 yakawa na arseniki ya kuua na yakasoma 900 yakawa na chumvi tu. Na yule muuza filta anayekuja kanisani na kifaa cha umeme, anatumbukiza vyuma viwili kwenye glasi yako maji yanageuka matope ya kahawia, yale matope yanatoka kwenye vyuma vyake vyenyewe, ni kutu. Mama zetu wamelipa hela nyingi kwa mchezo huo na inauma.

Hatua ya 3: chagua siku

Ukichota mara moja kwa mwaka umepata picha ya siku moja. Panga angalau tatu: Oktoba, lambo limesinyaa na kila kitu kimekolea, mvua za kwanza za Novemba au Desemba, hii usiikose maana mvua ya kwanza ndo inaosha marudio na vumbi lote la kiangazi kuleta kwenye maji, halafu Mei, maji yametulia. Kama hela inatosha safari moja tu, mimi ningechagua ile ya mvua za kwanza.

Hatua ya 4: kuchota

Andika lebo kabla chupa haijalowa: namba, tarehe, saa, mahali, jina la mchotaji. Vaa glavu mpya kila kituo.

Kwenye lambo au ziwa usichote ukingoni ng'ombe wanaponywea. Ingia kwa mtumbwi, au ingia kwa miguu taratibu na usimame usubiri tope ulilotibua litulie, halafu nyoosha mkono mbele yako, zamisha chupa ikiwa imefungwa mpaka kama sentimita 30 chini, fungua huko huko, jaza, funga. Yale maji ya juu kabisa yana mafuta na vumbi. Mtoni simama ukiangalia maji yanakotoka ili uchafu wa miguu yako uende nyuma yako.

Kisima cha pampu kipige kwanza dakika 5 mpaka 10, maji yaliyolala kwenye bomba yaishe. Ila kama unashuku bomba au koki zenyewe, chota chupa moja zaidi alfajiri kabla mtu yeyote hajapiga pampu, ukilinganisha hizo mbili utajua risasi inatoka ardhini au kwenye vyuma, maana shaba ya koki za bei rahisi mara nyingi imechanganywa na risasi.

Kila safari ongeza chupa mbili ambazo watu huona ni kupoteza hela. Moja ni pacha, unachota mara mbili sehemu ile ile. Nyingine unaijaza maji safi ya maabara ukiwa pale pale lamboni, unaifungua na kuifunga kama zingine. Hiyo ya pili ikirudi na risasi basi uchafu ni wako, si wa lambo. Tungekuwa nayo mwaka juzi malumbano yote yale yasingetokea.

Kuhusu asidi: metali zikikaa kwenye chupa hujishika ukutani, kwa hiyo maji hutiwa asidi ya naitriki mpaka pH ishuke chini ya 2. Kwa maji ya kawaida ni kama mililita moja ya asidi kali kwa nusu lita, ila maji ya magadi yanakula asidi nyingi zaidi na yanachemka povu kama soda, kwa hiyo tone kwa tone, chupa isiwe imejaa mpaka mdomoni, miwani usoni, na mtoto asiwe karibu. Usitumbukize karatasi ya pH ndani, dondoshea tone juu yake. Kama huna mtu anayejua asidi usiiguse, weka chupa kwenye barafu uifikishe maabara mapema, ndani ya wiki mbili isizidi, waambie watie asidi ndani ya chupa ile ile wasiihamishie kwingine na wasubiri angalau saa 24 kabla ya kupima. Zebaki haina subira hiyo, hakikisha imefika ndani ya siku mbili.

Hatua ya 5: tope na samaki, hapa ndo penyewe

Nilishasema risasi hulala kwenye tope. Zebaki ina ubaya wa ziada: chini kule kwenye tope lisilo na hewa kuna bakteria wanaoigeuza kuwa methili ya zebaki, na hiyo ndo inapanda kwa wadudu, kwa samaki wadogo, kwa samaki wakubwa, kila ngazi ikiongezeka. Wale watu wa Minamata, Japani, ambao ugonjwa wao ulitangazwa mwaka 1956, hawakunywa zebaki, walikula samaki. Maji yanaweza kupimwa yakaonekana hayana kitu na sahani ya mboga ikawa na sumu.

Kwa hiyo chota tope la juu tu, sentimita 5 za kwanza, kwa kijiko cha plastiki, sehemu tatu au nne zilizokaribiana, changanya kwenye mfuko wa zipu. Chota pia tope la juu ya mkondo, mahali ambapo shughuli za uchimbaji hazijafika, ili uwe na cha kulinganisha, la sivyo hautajua kama ni mwamba wa asili au ni watu. Kwa samaki chukua kambare wakubwa kadhaa na perege kadhaa. Kambare anakula wenzake kwa hiyo anakusanya zaidi, perege anakula majani ya maji. Pima urefu na uzito, kata nyama ya mgongoni kwa kisu kisafi, igandishe. Kipimo kinachotumika sehemu nyingi ni miligramu 0.5 ya zebaki kwa kilo ya nyama ya samaki.

Hatua ya 6: maabara

Anzia ofisi ya RUWASA (wakala wa maji vijijini) ya wilaya, watakuelekeza maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji iliyo karibu, au Mkemia Mkuu wa Serikali ambaye ana ofisi ya kanda Mwanza. Kabla ya kulipa uliza swali moja tu muhimu: mashine yenu inaanza kuona risasi kuanzia kiwango gani? Wakikwambia 0.05, basi hata maji yenye mara nne ya kiwango cha WHO watakuandikia "haijaonekana", na wewe utarudi kijijini kutangaza ni salama. Unataka mashine inayoona chini ya 0.01, chini zaidi ni bora. Kama maji ni ya chumvi au magadi waambie mapema, chumvi nyingi inachanganya mashine na inabidi wayaandae tofauti.

Hatua ya 7: kusoma majibu

Angalia kizio kwanza. Miligramu moja ni maikrogramu 1,000, kwa hiyo 10 ya maikrogramu kwa lita na 0.01 ya miligramu kwa lita ni kitu kile kile, na nimeshaona mkutano wa kijiji ukilipuka kwa sababu mtu alisoma "10" akalinganisha na "0.01". Viwango vya WHO kwa lita, kwa miligramu: risasi 0.01, arseniki 0.01, zebaki 0.006, kadmi 0.003, yurani 0.03, floraidi 1.5. Vya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) vingine ni vikali zaidi, waombe maabara waviandike pembeni ya majibu.

Halafu angalia kama maji yalichujwa kabla ya asidi. Maji yenye tope yakitiwa asidi bila kuchujwa, metali zilizokuwa kwenye tope zinatoka na namba inakuwa kubwa. Siyo uongo, maana mtoto akinywa anakunywa na tope, ila inakuonyesha kwamba kutuliza na kuchuja kunaweza kupunguza. Kama maji yaliyochujwa nayo yamezidi, basi metali imeyeyuka na kitambaa hakitasaidia.

Angalia pacha wako. Namba zikipishana kidogo ni kawaida, zikipishana mara mbili au tatu rudia kuchota kabla hujamtangazia mtu. Na usitoe uamuzi mkubwa kwa chupa moja.

Hatua ya 8: ukikuta yamezidi

Bibi mmoja aliniuliza, "mjukuu wangu, tukiyachemsha si sumu inaisha?" Hapana bibi. Kuchemsha kunaua vijidudu, metali inabaki na maji yanapungua, kwa hiyo inakolea zaidi. Vidonge vya klorini haviigusi. Mbegu za mlonge zinasaidia kuzamisha tope pamoja na metali iliyoshikana nalo, lakini usizitegemee kwa arseniki iliyoyeyuka.

Kinachofanya kazi haraka ni kubadili chanzo kwa maji ya kunywa na kupikia tu, ya kufulia yaendelee. Bomba la Ziwa Victoria limeshafika Igunga, Nzega na Tabora mjini, kama liko karibu na kijiji chenu pigania mchepuko kwa karatasi hizo za majibu mkononi. Mvua pia, bati safi na tenki, na maji ya dakika za kwanza za mvua yamwage, ila kama jirani kuna wanaochoma zebaki paa lako nalo limepata, lipime. Mabaki ya mifupa iliyochomwa hupunguza floraidi, wataalamu wa Ngurdoto kule Arusha wamefanya kazi hiyo miaka mingi.

Samaki wakiwa na zebaki usitangaze marufuku ya jumla, watu watakosa kitoweo na watakupuuza. Mama mjamzito, anayenyonyesha na watoto wadogo waache kambare mkubwa, wale perege.

Barua iende kwa mwenyekiti wa kijiji, bodi ya maji ya bonde na NEMC (baraza la taifa la mazingira), na nakala ya majibu. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji, pima kwa kamba toka mwalo mpaka maji, piga picha. Tanzania pia imo kwenye mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki ulioanza kutumika 2017.

Na mkiona watoto wanaumwa tumbo bila sababu, wanapata degedege, au wamedumaa akili, wapelekwe hospitali na mseme wazi kuna krasha karibu, ili daktari afikirie kipimo cha risasi kwenye damu. Zamfara, Nigeria, mwaka 2010 walikufa watoto zaidi ya 400 na mwanzoni watu walidhani ni malaria. Familia zilikuwa zinasaga mwamba uani kwao, vumbi la risasi likaingia kwenye sakafu, kwenye chakula, mikononi mwa watoto. Kwa hiyo mkipima lambo, chukueni pia mfuko mmoja wa vumbi la uwanja wa nyumba iliyo karibu na krasha, wakati mwingine jibu lote liko humo.

Sisi chupa zetu mpya zimeshafika, ziko kwenye kabati la ofisi ya kijiji, zimefungwa kila moja na mfuko wake, tunasubiri mvua ya kwanza.